Kikombe cha Shaba na Mkwe wa Bi Mejumaa

Wanangu wa meza ya kubangulia,

Aproni nimeshaivua, na leso mliyonipa siku ya kuniaga nimeshaifua mara kadhaa, haichuji. Sasa asubuhi naamka nikitafuta viatu vya kazini halafu nakumbuka kwamba sina pa kwenda. Mwanatumu, aliyekikalia kiti changu, aliniuliza siku ile kwa nini vikombe vya mashine zetu za korosho ni shaba kwa nje na ngozi kwa ndani, na nani aliyebuni kitu cha ajabu kama hicho. Nikamjibu kwamba maneno yake ni mengi na chai inapoa. Leo chai nimeshakunywa, kwa hivyo nimekaa barazani hapa Msambweni nimwandikie yeye na nyinyi nyote. Shule niliiacha mapema, kwa hivyo mkiona herufi imekaa upande, isukumeni.

Nianze na siku yangu ya kwanza. Nilifika kiwandani alfajiri, nimevaa kanga mpya kama ninayekwenda harusini. Mkubwa wa meza alikuwa Bi Mejumaa, mwanamke mfupi wa Kikoneni, kifua chake kina pumu na sauti yake haipandi, lakini akisema, watu hunyamaza.

"Shikamoo, Bi Mejumaa."

"Marahaba. Mikono."

Nikampa mkono nikidhani anataka salamu. Akaugeuza, akakitazama kiganja kama mtu anayenunua samaki.

"Umepaka nini?"

"Sijapaka kitu, bibi."

"Basi jioni ngozi yako utaiacha hapa, wewe urudi nyumbani bila."

Akanivuta hadi pembeni palipokuwa na sufuria mbili. Mafuta ya nazi kwanza, mpaka kwenye mizizi ya kucha, kisha jivu la makumbi lililochungwa, juu yake. Akinipaka alikuwa akinieleza kwamba ganda la korosho lina mafuta yake, na yale hayana mjomba wala shangazi: yanababua mkono wa yeyote. Nyinyi mna glovu siku hizi, lakini glovu hutoboka. Jivu halitoboki. Tena msiende msalani kabla ya kunawa. Hilo sitalifafanua. Mimi nilifafanuliwa na siku yangu ya pili.

Wakati huo tulikuwa tunabangua kwa rungu dogo juu ya jiwe. Korosho zinapikwa kwa mvuke ndani ya pipa, zinaanikwa zipoe, halafu unaiweka moja ubavu juu ya jiwe, unaigonga. Ukigonga kidogo, ganda linakucheka. Ukigonga sana, kiini kinakuwa chengachenga. Mteja anataka kiini kizima, cheupe, kilichojikunja kama mtoto aliyelala. Vipande tulikuwa tunavila wenyewe au tunavipeleka sokoni Ukunda, na hakuna anayejisifu kwa vipande. Bi Mejumaa alinifundisha kusikiliza. Ganda likikubali linasema "ta," mara moja, kavu. Likisema "chwa," umeshaharibu, usijisumbue kutazama. Alikuwa na uwezo wa kukaa ametupa mgongo, akachambua viini vyake, na akasikia "chwa" ya mtu wa mwisho wa meza.

"Riziki, hiyo uile," alikuwa akimwambia mwenzetu mmoja, bila kugeuka.

Kisha zikaja mashine. Zililetwa juu ya lori, zimefungwa makaratasi, za kijani, zinang'aa, nasi tukazizunguka kama bibi arusi. Mnazijua: unaweka korosho kwenye kikombe, unavuta mkono wa mashine, kisu kinashuka kinakata ganda, halafu unakanyaga kanyagio, ganda linafunuka pande mbili. Kazi nzuri. Meneja wetu, Bwana Mutua, mtu wa bara lakini mwenye adabu, alisimama mbele akatuonyesha, akavunja korosho yake ya kwanza vipande vitatu, akasema, "Mmeona? Sasa nyinyi mfanye tofauti na mimi."

Tatizo lilikuwa kile kikombe. Kilikuwa cha plastiki. Aliyekitengeneza sidhani kama aliwahi kuishika korosho. Yale mafuta ya ganda, yanayobabua mkono wa mtu, yangeionea huruma gani plastiki? Kikombe kilianza kulainika kama ubani uliotafunwa, baadaye kikakauka, kikapata nyufa, halafu katikati ya kazi, pwa! kimepasuka, korosho imeruka imempiga jirani. Tulijaribu kila dawa. Tulikifunga uzi wa nailoni. Tulikitia gundi. Riziki alichoma msumari akajaribu kukiyeyusha kishikane, kiwanda kizima kikanuka kama jaa linaloungua. Vikombe vipya vilikuwa vinaagizwa mbali, na kabla havijafika tulikuwa tunakaa mikono mapajani tunatazamana.

Ndipo Bwana Mutua alipokwenda Ukunda akauliza nani anaweza kuchonga kikombe kisichopasuka. Kila aliyemuuliza alimtajia mtu mmoja: Fundi Rashidi, mwenye kerezo, mashine ya kuchongea vyuma, nyuma ya maduka, anayetengeneza kila kitu kuanzia cherehani hadi pampu za hoteli za Diani. Meneja akamchukua, akamleta. Jambo ambalo hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuuliza, ni kwamba Fundi Rashidi alikuwa amemwoa Mwanaidi, binti wa pekee wa Bi Mejumaa.

Sasa nyinyi vijana labda mnakaa na wakwe zenu sofa moja mnatazama televisheni. Kwetu haikuwa hivyo. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hakai naye jamvi moja, wala hawasemezani ana kwa ana. Hiyo si chuki. Ni heshima, na ikivunjwa, aibu inamrudia yule binti aliye katikati.

Fundi Rashidi aliingia mlangoni na mfuko wake wa spana, akamwona aliyekaa kwenye mashine ya kwanza, akageuka hapo hapo akatoka kinyumenyume. Bi Mejumaa naye alishavuta leso hadi puani, amegeukia ukuta.

Bwana Mutua akashangaa. "Kwani hawa wana kesi?"

"Hawana kesi, bwana," nikamwambia. "Wana heshima. Huyu ni mkwe wake."

"Na kazi itafanywa vipi?"

Kazi ilifanywa hivi: mimi nikawa mdomo wa wote wawili. Kiti changu kilikuwa kando ya cha Bi Mejumaa, basi fundi akasimama upande wangu wa pili, anatazama dirishani, na Bi Mejumaa anatazama ukuta, na mimi katikati nageuza shingo kama kinyonga.

"Shangazi Saumu, niulizie kwa mama, kikombe hupasukia wapi."

"Bi Mejumaa, baba anauliza hupasukia wapi."

"Mwambie baba, chini, kinapopokea kisu."

"Anasema chini, kinapopokea kisu."

Walikuwa wanasikiana kila neno. Umbali wao haukuzidi urefu wa leso. Lakini neno lilikuwa lazima lipite kwangu, kama maji ya kutawadha yanavyopita kwenye birika.

Baada ya siku chache alirudi na kikombe cha shaba. Alikikereza kutoka kipande cha pampu kuukuu, akakipiga tupa, akakisugua mpaka unaona meno yako ndani yake. Bwana Mutua akasema kijaribiwe kwanza kwenye mashine ya mtu bora, kisha vichongwe vya wote. Mtu bora alikuwa Bi Mejumaa.

Shaba ile haikupasuka. Haikupasuka wiki hiyo wala wiki iliyofuata. Kilichopasuka ni korosho. Bi Mejumaa anavuta mkono, mashine inasema "chwa." Anavuta tena, "chwa." Mimi na wenzangu, na vikombe vyetu vya plastiki vilivyofungwa uzi kama vidole vya mgonjwa, tulikuwa tunatoa nzima. Yeye, mwalimu wetu, trei yake imejaa chengachenga. Kuna mtu mmoja wa meza yetu, jina lake nalijua lakini Mungu amrehemu, alinong'ona kwamba bibi amezeeka.

Bwana Mutua akaja, akaitazama trei, akakuna kichwa.

"Mama, mashine yako ndiyo mpya. Haiharibiki. Sasa shida ni nini?"

"Shida ni mimi, baba," akasema Bi Mejumaa.

Nilitaka kusema kitu. Akanikanyaga mguu chini ya meza.

Fundi alipokuja kuangalia kazi yake, alisimama pale pale upande wangu, macho dirishani. "Shangazi, mama anakionaje kikombe?"

Nikageuka. Macho ya Bi Mejumaa yalikuwa juu ya ile trei. Akasema, "Mwambie baba kazi yake ni nzuri mno, Mungu amzidishie. Ila mkono wangu umekuwa mzito siku hizi."

Nikayafikisha kama yalivyo. Ningefanyaje? Na yule kijana, kwa huruma, akaenda kutafuta dawa ya mkono mzito. Akarudi na mkono wa mashine mrefu zaidi, wa chuma, ili mama mkwe wake asitumie nguvu. Sasa ukiushika kwa kidole kimoja tu kisu kinashuka kama hukumu. Korosho ya kwanza iliyowekwa humo ilitoka unga. Wallahi, ungeweza kukandia mkate.

"Mwambie baba," akasema Bi Mejumaa, unga uko kwenye nyusi zake, "ahsante sana. Umekuwa mwepesi."

Hapo Bwana Mutua hakuwa na njia. Hakuwa mtu mbaya, ila mteja alikuwa ameshalalamika. Akasema Jumamosi atapitia trei zote, na ambaye vipande vyake vinazidi nzima atahamishwa uani kwenye tanuri la maganda. Akasema bila kumtaja mtu, lakini meza nzima ilitazama chini. Nyote mnaujua moshi wa tanuri lile, unavyokwaruza koo hata la mzima. Kwa mtu mwenye pumu, kuambiwa aende uani ni kuambiwa aende nyumbani. Na Bi Mejumaa nyumbani alikuwa peke yake. Kiti kile ndicho kilichokuwa kinamfanya avae, atoke, aonekane.

Tulipokuwa tunanawa nikamwambia, "Bibi, sema kweli. Kikombe ni kigumu mno. Plastiki ilikuwa inabonyea kidogo kisu kikifika, hiyo shaba haibonyei. Mwambie."

"Nimwambie nini? Nimwambie mume wa mwanangu kazi yake mbaya, mbele ya watu? Mwanaidi atalala wapi?"

"Atalala kwake! Hiki ni kikombe, bibi, si talaka."

"Wewe una watoto wa kiume tu. Hujui."

"Basi nitamwambia mimi."

"Ukimwambia wewe, nimesema mimi. Nani asiyejua kwamba mdomo wako ni wangu?" Akakung'uta mikono. "Bora uani, Saumu."

Ijumaa ilifika hivyo. Wengine walipokwenda kula mimi nilibaki, sikuwa na hamu. Fundi Rashidi alikuwa amekuja kupima mashine zetu achonge vikombe vingine vya shaba. Alikuwa amelala chini ya mashine ya Riziki, miguu tu inaonekana. Bi Mejumaa aliingia kutoka kuswali, akakaa kitini pake, akafunga leso vizuri. Akaiwekea mashine korosho moja, akavuta mkono. "Chwa." Kisha akaanza kusema, akiitazama mashine kama anavyotazamwa mtu.

"We mashine. Mimi nawe tuna mazungumzo."

Nilidhani amechanganyikiwa.

"Umepewa kikombe kizuri, kimechongwa na mikono yenye akili. Hakipasuki. Lakini hakina huruma. Kile cha plastiki kilikuwa kibovu, naam, lakini kisu kikija kilikuwa kinarudi nyuma kidogo, kinakipisha kiini kipone. Wewe hurudi nyuma. Unasimama kama askari. Na huo mkono wako mrefu, nani kakwambia nataka kuvuta kwa kidole? Mimi nasikia korosho kwa bega langu. Umeniondolea uzito, umeniondolea na sikio. Kesho nitapelekwa uani kwa sababu yako, na sina mtu wa kulalamikia, basi nalalamika kwako."

Miguu chini ya mashine ya Riziki ilikuwa imetulia tuli. Spana ilikuwa imeacha kulia. Mimi nilikuwa na funda la chai mdomoni, naogopa hata kumeza.

Halafu sauti ikatoka kule chini, ya upole.

"Spana, umesikia?"

Spana ikalia mara moja.

"Mimi na wewe, spana, tulidhani tunatafuta kitu kigumu. Kumbe tulitakiwa kutafuta kitu kigumu kwa nje kilicho laini kwa ndani. Mbona hatukuambiwa mapema?"

"Mashine," Bi Mejumaa akajibu, "watu wengine hawaambiwi, wanaheshimiwa."

"Spana, waeleze kwamba heshima imetengeneza unga."

Nikacheka. Sikuweza kujizuia, chai ikanitoka puani. Bi Mejumaa alinitupia jicho, lakini mabega yake nayo yalikuwa yanatikisika.

Yule kijana alitoka upesi, uso ameuelekeza dirishani, akachukua kile kikombe cha shaba na ule mkono mrefu akaenda zake. Alasiri haijaisha akarudi. Mkono wa mashine ulikuwa ule wa zamani. Ndani ya shaba alikuwa ametandika ngozi ya ng'ombe, nene, aliyoipata kwa mtu anayeleta mifugo kutoka Samburu, ameilowesha mafuta ya nazi na kuikaza kwa ukingo mwembamba isitoke. Kwanza aliikata nene mno, kisu hakikufika, ganda likatucheka. Akaichuna. Akaiweka tena, ikapinda. Akaitoa, akaichuna upande. Na kila mara ilikuwa hivi:

"Mashine, bado inapanda kushoto."

"Spana, tushushe kushoto."

Jua lilikuwa limeegemea ukuta wa magharibi mashine iliposema "ta." Mara moja, kavu. Bi Mejumaa alikanyaga, ganda likafunuka, akakitoa kiini kwa ncha ya kijisu, akakiweka kiganjani. Kizima. Akanipa mimi nikile.

Jumamosi Bwana Mutua alipita meza nzima. Alipofika kwa Bi Mejumaa aliinua trei, akaitikisa, akachota kwa mkono, akaachia viini vikaanguka kimoja kimoja. Akatazama kikombe, akakibonyeza kwa kidole gumba, akanitazama mimi, maana alishazoea kwamba majibu hutoka kwangu.

"Ngozi?"

"Ngozi, bwana."

"Haiozi na mafuta haya?"

"Tutaona, bwana."

Mnajua jibu. Haiozi. Mafuta ya ganda yaliyoimaliza plastiki, ngozi inayanywa na kuzidi kuwa ngumu kama soli. Sababu yake sijui, na fundi alisema hajui pia.

"Kaa, mama," meneja akamwambia Bi Mejumaa, ambaye alikuwa ameshasimama, leso begani, tayari kwa lolote. "Kaa kiti chako. Na wengine wote wafungiwe kama hiki."

Akakaa. Akaushika mkono wa mashine, akauinamia kabisa, akasema kwa ile sauti yake isiyopanda, "Ahsante, mwanangu."

Na Fundi Rashidi, aliyekuwa amepiga magoti kwenye mashine ya pili akikaza nati, akili yake yote iko kwenye nati, akajibu, "Ahsante nawe, mama."

Bi Mejumaa aliivuta leso hadi kidevuni. Fundi aliingiza kichwa chini ya mashine, nadhani alitamani kuishi huko.

"Huyo ameongea na nani?" Bwana Mutua akauliza.

"Na mashine, bwana," nikasema. Na meza nzima ikaitikia kwamba ndiyo, tumesikia wote, ameongea na mashine.

Hawakusemezana tena ana kwa ana mpaka Bi Mejumaa alipofariki, miaka mingi baadaye, akiwa ameondoka kwenye kiti kile kwa hiari yake, macho yalipokuwa yamechoka. Lakini kila fundi alipokuja, yeye aliieleza mashine na fundi aliieleza spana, na sijapata kuona watu wawili waliosikizana vile. Kiti nilikirithi mimi.

Sasa Mwanatumu, kiti ni chako. Ngozi ibadilishwe ikianza kung'aa katikati. Mkono usirefushwe, hata mtu akuonee huruma vipi. Na Fundi Rashidi akija, utamwona: mvi zimemjaa, anatembea taratibu. Hatakuuliza wewe kitu. Atasimama mbele ya mashine, aweke mfuko chini, na ataiambia, "Haya, mama, sema."

Mimi si mkwe wake. Ningeweza kumwambia uso kwa uso tangu siku ya kwanza niliyokaa pale. Lakini niliiambia mashine, na yeye akanisubiri mpaka nikamaliza.